Kuulizana Hesabu si Kudhaniana Vibaya

Januari ni mwezi mzito katika nyumba nyingi za Bariadi. Fedha za pamba, ambazo huanza kuingia mikononi mwa watu kuanzia Mei, zimekwisha kuliwa. Mahindi mapya yangali shambani. Na shule zinafunguliwa. Kwa mzazi mwenye nguvu zake, huo ni mwezi wa kufunga mkanda. Kwa bibi aliyeachiwa wajukuu na mwanawe aliyefariki, ni mwezi wa kuamua nani aende shule na nani asubiri. Ada imefutwa katika shule za serikali, alhamdulillahi, lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa na waraka wowote. Hapo ndipo klabu ndogo ya wanafunzi inapokuwa na uzito usiolingana na umri wa wanachama wake: ikitimiza ahadi, mtoto anaingia darasani, ikiivunja, mtoto anabaki nyumbani, naye hajui ni kwa nini.

Ndugu msomaji, tunaandika habari za klabu moja ya namna hiyo. Jina lake hatutalitaja, wala majina ya shule na chuo walikotoka vijana wake, na alama kadhaa tumeziondoa makusudi ili asije akatambulikana mtu ambaye Mola wake amemsitiri. Ilikuwa klabu ya vijana wenyewe: ina katiba ya kurasa nne, ina Amir na Amirat, ina katibu na mweka hazina. Sisi wa kamati ya msikiti tulikuwa tumewapa baraza la kukutania na ruhusa ya kukusanya sadaka mlangoni kila Ijumaa. Waislamu wa mkoa huu wa Simiyu si wengi, na kuona vijana wanaacha mpira wa jioni ili kwenda kuwatembelea yatima lilikuwa jambo la kututia matumaini.

Mwaka huo waliahidi sare kwa watoto kumi na wanne. Novemba fundi aliwapima watoto, akaandika vipimo, akapewa kianzio cha kununulia vitambaa. Januari ilipofika, watoto wanane walivaa na sita hawakuvaa. Bibi mmoja alikuja barazani baada ya sala ya adhuhuri. Hakuja kushitaki. Alisalimia, akakaa kimya kwa muda, kisha akauliza, kwa adabu ile ya wazee wa Kisukuma, kama wajukuu zake walikuwa wamefanya kosa lolote lililowafanya waachwe, ili yeye awaonye. Swali hilo lilituuma kuliko tusi.

Fundi alipoulizwa alisema anadai. Mweka hazina alipoulizwa alisema fedha zipo. Amir alipoulizwa alisema mweka hazina ndiye ajuaye. Mtu aliyezoea kazi za kamati akisikia majibu matatu ya namna hiyo kwa mpigo mmoja hahitaji jibu la nne.

Mweka hazina huyo alikuwa kijana ambaye kila mtu alimtaja kwa wema. Alikuwa hakosi sala ya alfajiri, amehifadhi juzuu kadhaa, akimwona mzee amebeba mzigo huupokea. Alichaguliwa kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyemuuliza kitu kwa muda wa mwaka mzima. Fedha za kapu la wavulana alizihesabu peke yake, nyumbani, usiku. Michango ya ndugu waliohitimu, walioko Mwanza, Shinyanga na Dar es Salaam, ilitumwa kwa simu katika namba yake mwenyewe, namba ile ile aliyotumia kumpigia mama yake na kununulia vocha. Fedha za yatima na fedha zake zililala katika salio moja, hazina ukuta kati yake.

Agosti dada yake alilazwa. Baba yake alikuwa amekwisha kupeleka pamba lakini malipo yalikuwa hayajatoka. Katika simu kulikuwa na laki mbili na nusu. Alitoa elfu sitini kwa wakala, akajiambia kwamba ameazima tu, atarudisha pamba ikilipwa. Pamba ikalipwa, na madeni ya nyumbani yakaimeza yote. Septemba akatoa elfu arobaini, safari hii kwa dawa na kwa nauli. Oktoba hakukuwa na ugonjwa wala dharura. Kulikuwa na mazoea. Alipoketi mbele yetu na baba yake, neno alilolirudia mara nyingi zaidi lilikuwa hilo la kuazima. Hatukumwona akidanganya alipolisema. Aliliamini.

Yupo msomi wa Marekani, Donald Cressey, aliyewahoji wafungwa waliohukumiwa kwa kula fedha walizokabidhiwa, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1953. Aliowakuta hawakuwa majambazi. Walikuwa watu walioaminiwa, wenye shida ya fedha waliyoona haya kumweleza mtu, waliogundua kwamba fedha walizonazo zinaweza kutatua shida hiyo kwa siri, na waliokuwa wamejipatia neno la kuufanya uzito uwe mwepesi. Neno lenyewe mara nyingi lilikuwa kuazima. Miaka imepita, bahari imekaa kati, na kijana wa Bariadi ambaye hajapata kulisikia jina la msomi huyo akapita njia ile ile hatua kwa hatua.

Lililotusikitisha zaidi ni hili la kuona haya. Mfuko ule uliwekwa kwa ajili ya wenye shida, na dada yake alikuwa mwenye shida. Lau angesimama siku ile ya Agosti akawaambia wenzake kwamba nyumbani kuna mgonjwa na hakuna fedha, wangemchangia, na pengine sisi nasi tungeongeza, na angeipokea kwa haki kile alichokwenda kukichukua kwa siri. Lakini mtu aliyesifiwa sana huona tabu kuomba. Sifa nazo zina mzigo wake.

Jumla ya kilichopungua isingejulikana lau si daftari la wasichana. Upande wa wanawake, Amirat alikuwa na daftari la kawaida la kurasa themanini, lenye picha ya twiga juu, ambamo kila Ijumaa aliandika kiasi, tarehe, na sahihi ya mtu aliyekabidhiwa. Hakuna aliyemwagiza. Alipoulizwa kwa nini aliandika, alisema mama yake ni katibu wa kikoba, na kwao fedha isiyoandikwa huhesabiwa kuwa haikuwahi kuwapo. Kwa daftari hilo, na kwa taarifa ya miamala ya simu ambayo kijana mwenyewe alikubali kuiomba, tulithibitisha upungufu wa shilingi 318,000. Za kapu la wavulana, ambazo haziandikwi popote, anazijua Allah.

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu. Wapo waliosema jambo lipelekwe polisi, na hoja yao haikuwa nyepesi, kwani Kanuni ya Adhabu ya nchi hii inalitambua kosa la kuiba mali uliyokabidhiwa, wala haisamehi kwa kuwa mali ilikuwa ya sadaka. Wapo waliosema Muislamu husitiriwa, tena huyu ni mtoto, hata miaka kumi na minane hajatimiza. Wakati mabishano yanaendelea, mjumbe mmoja akatoa rai kwamba kwanza fundi alipwe ili watoto wasiendelee kukaa nyumbani, na kwa kuwa kulikuwa na fedha za kununulia bati la msikiti, zichukuliwe hizo, zitarudishwa.

Mzee wetu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka aliyestaafu, ambaye kwa kawaida husinzia katika vikao vyetu, akafumbua macho.

"Hizo za bati," akauliza, "waliozitoa walisema ni za nini?"

Tukamjibu kwamba ni za bati.

"Na tutazirudisha lini?"

"Mwezi ujao, Mzee wangu, inshaallah," akajibu mtoa rai.

"Basi mwiteni yule kijana aje akae hapa pamoja nasi," mzee akasema, "maana kazi yetu na yake ni moja."

Hakuna aliyeongeza neno. Wajumbe wakaingia mifukoni, kila mtu kwa uwezo wake, fundi akalipwa usiku ule ule, na katika wiki moja watoto sita wakavaa. Fedha za bati zikabaki za bati. Kuhusu kijana, ilikubaliwa kwamba aondoke katika uongozi, familia irejeshe fedha kidogo kidogo kwa maandishi, na wanachama wa klabu waambiwe ukweli kwamba fedha zimepungua na kiasi gani, bila ya kulipeleka jina lake kwenye mimbari. Kusitiri aibu ya mtu ni jambo moja, na kuuficha upungufu wa mali ya yatima ni jambo jingine. La kwanza tumeagizwa, la pili hatuna ruhusa nalo.

Ndipo lilipokuja lile ambalo kwa kweli ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tulipowaketisha vijana na kuwauliza kwa nini katika mwaka mzima hakuna aliyewahi kusema "tuonyeshe hesabu", walitazamana. Kisha Amir akasema kwamba aliogopa kumdhania ndugu yake vibaya, na dhana mbaya ni dhambi.

Maneno hayo tumeyasikia mahali pengi, na si kwa vijana pekee. Yanasemwa katika kamati za misikiti, za harusi, za mazishi. Ni kweli kwamba tumekatazwa kudhaniana vibaya. Lakini mwenye kuomba daftari hadhani kitu. Anaomba kuona kilichoandikwa. Dhana huzaliwa pale ambapo hakuna daftari. Sote tumewaona watu wanaomtazama mweka hazina kwa jicho la pembeni siku akivaa kanzu mpya, wasimuulize, kisha wakanong'ona njiani. Hiyo ndiyo dhana mbaya, na huletwa na huko kutouliza.

Waliosoma wanakijua kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, kama kilivyopokelewa katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi, Mtume alimfanyia hesabu. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo. Huyo ni mtu aliyeteuliwa na Mtume mwenyewe, katika zama zilizo bora kuliko zote, na bado alipofika aliketishwa akahesabiwa. Ni katika hesabu hiyo ndipo alipotenga mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa. Na Mtume akapanda mimbari akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Hotuba ilizungumzia kitendo, jina halikutangazwa. Mambo yote mawili tuliyoyatafuta katika kikao chetu, hesabu na sitara, yamo katika kisa kimoja.

Kadhalika Qur'ani. Aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, haikuja kwa habari za vita wala za miujiza. Imekuja kuagiza deni liandikwe na lishuhudiwe, na ikaeleza yenyewe kwamba kufanya hivyo kunaiweka mbali shaka baina ya watu. Na katika Suratun Nisaa, mlezi anayemkabidhi yatima mali yake ameagizwa aweke mashahidi. Mlezi huyo ni ami, ni mjomba, ni babu, damu moja na mtoto. Ikiwa babu anahitaji shahidi, mwanafunzi wa kidato cha tatu anahitaji zaidi, na anahitaji kwa ajili ya usalama wake yeye.

Wenyeji wa mkoa huu wana darasa lao wenyewe juu ya jambo hili, na ni ajabu kwamba hatulirejei mara kwa mara. Ardhi yetu ni ardhi ya pamba, na ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulianzia kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kuuza kwa wanunuzi ambao ndio waliopima na ndio waliosoma kipimo. Wakataka awepo mtu wao wa kuiangalia mizani. Kutokana na vuguvugu hilo, na kwa uongozi wa Paul Bomani, vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya namna yake katika Afrika. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya kuuchunguza ushirika nchini, na miongoni mwa yaliyoonekana ni ubadhirifu, uhaba wa watu wenye ujuzi, na wanachama wasiojua mambo ya chama chao wenyewe. Miaka kumi baadaye, 1976, vyama vikuu vikavunjwa. Vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wazee wetu wangali wakisimulia madeni ya pamba ambayo hayakulipwa.

Tunavyoona sisi, watu wale hawakuwa wabaya kuliko wengine. Waliweka mtu kwenye mizani ya mgeni kwa sababu mgeni hawakumwamini. Mizani ilipokuwa yao, wakaona haya kumweka mtu, maana sasa anayepima ni mjomba. Suratul Mutaffifin inayowaonya wapunjaji haikubagua kama mpimaji ni mgeni au ni mjomba.

Basi vijana walifanya nini? Jambo la kwanza walilichukua kwa mama zao. Akina mama wa vikoba wanatumia kisanduku cha bati chenye kufuli tatu, funguo zake zikikaa kwa watu watatu mbalimbali na kisanduku chenyewe kikikaa kwa mtu wa nne. Utaratibu huu una asili ya mbali, kwani ulienezwa na shirika la CARE lililoanza na vikundi vya wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991. Wanawake wengi wao hawakujua kusoma, na fedha zao hazikupotea kwa sababu kisanduku hakifunguki mpaka watu watatu wakutane hadharani. Klabu ikatengeneza kisanduku chake kwa fundi wa mabati hapa sokoni. Ufunguo mmoja anao Amirat, mmoja katibu, na wa tatu anao mwanachama asiye kiongozi, anayebadilishwa kila muhula. Tulipendekeza wa tatu akae kwetu, wakakataa kwa heshima, na tuliwaona wana haki.

Sadaka ya Ijumaa sasa huhesabiwa pale pale kwenye mkeka, kabla mtu yeyote hajavaa viatu. Wanaohesabu ni wawili, anayeandika ni wa tatu. Kiasi huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, maana tarakimu moja ni rahisi kuigeuza na neno ni gumu. Ijumaa inayofuata husomwa: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, na kwa nani. Baadhi ya wazee walipinga kwamba kutangaza fedha ni kuwaita wezi. Jibu la vijana lilikuwa kuzipeleka benki kila Jumatatu, hivyo kisanduku hakilali na fedha za kumshawishi mtu kuvunja mlango.

Simu ilikuwa na ugumu wake. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, laini ni ya mtu mmoja, na fedha zikiingia humo sheria na macho ya watu huziona ni zake. Zipo huduma za mitandao ya simu kwa ajili ya vikundi, kama M-Koba, ambazo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waridhie kila mmoja kwa simu yake, na wanachama wakapata ujumbe. Kwa kuwa wengi wa vijana hawajafikia umri wa kusaini, watu wazima wawili waliochaguliwa na klabu ndio walioingia kwa ajili ya sahihi, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wasio mke na mume. Hilo la mwisho liliwachekesha wengi, lakini aliyelipendekeza hakuwa akicheka.

Jambo dogo lililotuchukulia muda mwingi kuliko yote ni nauli. Kijana anayekwenda Nyakabindi kumpelekea yatima daftari hupanda bodaboda, na bodaboda hailipwi kwa thawabu. Huko nyuma nauli ilitoka "humo humo", haikuandikwa, na hapo ndipo mkono ulipozoea kuingia. Zaka yenyewe imewekewa fungu la wanaoitumikia, kwa hiyo hakuna haya katika kulipa gharama iliyo wazi. Sasa nauli ina mstari wake, ina kiwango chake, na anayeona kiwango ni kidogo husema kikaoni. Kurasa pia zimetengwa: zaka mbali, sadaka ya yatima mbali, fidia ya Ramadhani mbali. Mtoaji aliyesema "hii ni ya viatu" akija kuuliza, ataonyeshwa viatu.

Kisha kuna cha juu. Wasomaji hawahitaji kuelezwa neno hili. Muuza duka anamwambia kijana kwamba madaftari ni elfu thelathini, lakini naweza kukuandikia thelathini na tano. Au hamwandikii kitu, anampa tu kalamu nzuri na soda baridi kwa kuwa amemletea biashara. Kalamu hiyo ndiyo zawadi ya Ibn al-Lutbiyya. Lau kijana angekaa kwa baba yake, asingeletewa. Klabu imekubaliana kwamba manunuzi hufanywa na wawili, bei huulizwa maduka mawili au matatu, na punguzo au zawadi yoyote huingia kwenye kisanduku. Risiti iwe ya mashine. Kitabu cha risiti za kuandika kwa mkono kinauzwa katika duka la vifaa vya ofisi, naye muuzaji hamuulizi mnunuzi anakwenda kukiandika nini.

Upande wa wanaopokea, mlezi huweka sahihi au dole gumba mbele ya shahidi. Tuliwaomba vijana waachane na picha. Wapo wanaoamini kwamba picha ya yatima ameshika kipande cha sabuni ni ushahidi wa matumizi. Sisi tunaona ni ushahidi wa kipande kimoja cha sabuni, na mtoto huyo atakuja kuwa mtu mzima katika mji huu huu.

Tunawageukia wazazi kwa maneno machache, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Mtoto hajifunzi amana siku anapochaguliwa mweka hazina. Amekwisha kujifunza, au kutojifunza, siku alipotumwa chumvi dukani na chenji haikuulizwa. Amejifunza alipomsikia mama akisema atachukua kidogo katika fedha za kikoba zilizo ndani ya kabati, wenzake hawatajua, kabla ya mkutano zitakuwa zimerudi. Baba wa kijana wetu alisema mbele ya kikao, bila ya kuulizwa, kwamba yeye mwenyewe amewahi kukabidhiwa fedha za msiba na akanunulia mbolea kwanza. Alizirudisha. Lakini mwanawe aliona.

Mwezi wa sita, pamba ilipolipwa, familia ilileta shilingi 150,000, na baadaye 90,000. Zimebaki 78,000, na tarehe yake imo katika maandishi. Watu wazima wawili katika mji huu wameuliza kama kijana asamehewe kilichobaki. Vijana wa klabu walipopelekewa swali hilo walijibu kwamba fedha hizo si zao wala si zetu, basi ni nani wa kusamehe? Tuliona hatuna cha kuongeza.

Aliporidhia tuyaandike haya, kijana aliomba jambo moja, kwamba iandikwe wazi kuwa dada yake amepona. Tumeandika. Ijumaa iliyopita alikaa kwenye mkeka pamoja na wenzake akipanga sarafu. Ufunguo hakupewa, na hakuuomba. Jumla ilikuwa shilingi 46,350, wakaihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilizidi mia, kisha wakavaa viatu.